Ndoo ya Mguu

Hapo zamani, nayo si zamani sana kwa kuwa ndoo za plastiki zilikwishaingia madukani, usiku mmoja nyumba nzima ilisikia mlio mmoja tu: puu.

Alikuwa Mzee Kanyaga. Alitoka chumba chake cha mbele kwenda msalani, akakuta korido ina maji, akaketi bila kukusudia. Aliteleza kwa makalio kutoka mlango wa kwanza hadi wa tatu, na alipofika wa tatu alikuwa amekwisha kukata shauri. Asubuhi aliwakusanya watu wa nyumbani akawaambia kwamba nyonga yake haiwezi tena safari za korido. Anahamia chumba cha nyuma, jirani na choo. Lakini hata huko hataki kuteleza. Maji yale yalitoka kwenye dekio lisilokamuliwa, na dekio halikukamuliwa kwa sababu ndoo yake, ile yenye kikapu cha kulikamua kwa kuzunguka ukishusha pedeli, imekufa. Basi atakayeifanya ndoo izunguke tena, chumba cha mbele ni chake.

Chumba cha mbele kina dirisha linalotazama barabara. Watatu walikitamani. Gwamaka, kitinda mimba wa Mzee, alikuwa akilala na magunia ya mahindi na panya wa magunia hayo. Tumpe, dada yake, alitaka kufungua saluni. Na Sekela, mke wa kaka yao mkubwa aliyekuwa safarini na lori, alikitamani kuliko wote, ingawa hakusema. Miaka sita alishona kwenye korido, nusu gizani, maji ya deki yakimloweshea vitambaa, na watu wakipita barabarani wasijue kwamba humo ndani kuna fundi. Kwa dirisha moja tu, angeonekana.

Sasa sikilizeni shida ya Sekela. Katika ukoo ule, mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, wala hatamki neno linalofanana na jina hilo. Akilitamka, anatoa jogoo, na havuki tena kizingiti cha chumba cha mkwewe. Na Mzee alizaliwa miguu ikitangulia, ndiyo maana wakamwita Kanyaga.

Hebu hesabuni ni mara ngapi kwa siku mtu hulihitaji neno hilo. Watoto wakielekea kwenye matope, Sekela aliwaambia wasiyape matope nyayo. Akiumizwa kidole sokoni, alisema mtu amemwekea kiatu. Na ile ndoo, ambayo mji mzima uliiita ndoo ya kukanyaga, yeye aliiita ndoo ya mguu. Miaka sita ulimi wake ulilizunguka neno lile kama mtu anayekwepa dimbwi.

Siku ya kwanza Gwamaka akaifungua ndoo. Alizitoa skrubu zote kwa bisibisi, akakuta chini ya pedeli kuna fimbo ya meno, meno yamelika. Akachukua tupa, akayachonga upya, jino kwa jino, mpaka vidole vikatoa damu. Akairudisha fimbo. Ndoo haikuzunguka.

Siku ya pili Tumpe akachungulia, akaona springi imekatika. Alitoweka muda mfupi, akarudi na springi nyingine, ngumu, yenye kutu kidogo. Gwamaka alipomuuliza ameitoa wapi, alimwambia ashughulike na meno yake. Akaifunga. Ndoo haikuzunguka.

Siku ya tatu wakaitana korido, wote watatu, na Mzee akaja na kigoda chake kutazama. Sekela alilala kifudifudi, shavu sakafuni, akachungulia kwenye ufa wa ndoo. Akaona. Ilikuwa kama cherehani yake: gurudumu na mguu lazima vikutane kwa wakati mmoja. Gwamaka azungushe kikapu polepole kwa mkono, Tumpe aishike springi isichomoke, na jino la kwanza likifika kwenye gia, hapo hapo pedeli ishuke. Ikiwahi, meno yanarukana. Ikichelewa, yanarukana pia.

Aliwaeleza hayo kwa maneno mengi ya kuzungukazunguka. Gwamaka akacheka. "Sasa wewe shemeji kazi yako ni ipi, kulala?"

"Mimi najua lini," alisema Sekela.

Mikono yote ilikuwa na kazi, ikabaki kutafutwa mguu. Mzee akauinua wake kutoka kwenye kigoda, akauweka juu ya pedeli, akasema yuko tayari, wamwambie tu.

Kikapu, dekio lililolowa likiwa ndani, kikazunguka polepole. Jino likakaribia. Sekela akasema, "Sasa!" Kila mmoja akadhani ni sasa yake: Gwamaka akaachia kikapu, Tumpe akaachia springi, Mzee akauliza sasa nini. Kra. Springi ikaruka, ikatua kwenye sufuria ya maharage.

Wakaitafuta, wakaiosha, wakairudisha. Jino likakaribia. Sekela akasema, "Bonyeza!" Tumpe akaibonyeza springi kwa kidole gumba. Kra. Springi ikaruka, ikaingia ndani ya kofia ya Mzee, ambayo ilikuwa kichwani mwa Mzee.

Wakaitoa, wakaomba radhi, wakairudisha. Jino likakaribia. Sekela akasema, "Baba, tia mguu!" Mzee, mtu mtiifu, akautia mguu ndani ya kikapu. Ilichukua nusu saa na sabuni kuutoa.

"Wifi," Tumpe alimwambia, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, "si useme tu unachotaka kusema. Watu wazima tunaoshwa miguu kwa ajili yako."

Sekela akarudi sakafuni. Jasho lilimwingia machoni. Aliyaona meno yakija: moja, mawili, matatu. Na neno lile, kumbe, lina mapigo matatu. Likamtoka lenyewe, kwa sauti ndogo, pigo kwa jino, jino kwa pigo.

Mguu wa Mzee ukashuka. Ndoo ikazunguka. Ilizunguka ikavuma, ikawarushia wote maji, na dekio likatoka ndani yake limekauka kama mkate wa jana.

Wakajifuta maji usoni. Kisha kila mtu akakumbuka chumba.

Gwamaka akaonyesha vidole vyake. Bila meno, alisema, ndoo ingetafuna nini? Chumba ni cha aliyechonga.

Tumpe akasema meno bila springi ni kibogoyo tu mwenye kujisifu. Tena yeye alijitoa mhanga, maana springi ile aliing'oa kwenye kitanda cha Baba, Baba akiwa barazani.

"Ndiyo maana," alisema Mzee taratibu, "tangu juzi nalala kama niko mlimani." Akajipapasa nyonga. Kisha akasema kwamba kwa haki, mguu ulioizungusha ndoo ni wake, na kama mambo ni hayo, pengine chumba hakina sababu ya kumtoka mwenyewe.

Wote wakamgeukia Sekela. Yeye alikuwa bado sakafuni, akifuta shavu.

"Huyu hana dai," Gwamaka akadakia. "Amekutaja, Baba. Nimesikia kwa masikio yangu. Anadaiwa jogoo, na kizingiti cha chumba chako hakivuki."

Sekela akasimama. "Sikumtaja mtu," alisema. "Niliuambia mguu. Meno yalikuwepo na ndoo haikuzunguka. Springi ilikuwepo na haikuzunguka. Mguu ulikuwepo, ukaingia kwenye kikapu."

Tumpe akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Alivuta kigoda mbele na kuuweka tena unyayo juu ya pedeli.

"Mwanangu," alisema, "sikio langu hili la kushoto ni zito. Mguu niliushusha, ila sijui kama niliitwa au nilitumwa. Lirudie, nisikie kama ni jina au ni kazi."

Angenyamaza, dai lake lingekufa hapo. Angesema, jogoo na kizingiti vilikuwa vinamngoja. Sekela alitazama mlango wa chumba cha mbele. Ulikuwa wazi, na mwanga wa dirisha ulikuwa umefika hadi kwenye gurudumu la cherehani yake. Akamtazama mkwewe usoni.

"Kanyaga," akasema.

Mzee akaitika, "Naam," na papo hapo mguu ukashuka, na ndoo ikazunguka.

Haya, ninyi mnaocheka huko nyuma, nijibuni: aliyechonga meno, aliyeng'oa springi, mwenye mguu, au mwenye neno? Je, nani alistahili chumba?