Mkanda Uliofichwa Chunguni

Kale imelala, wajukuu zangu. Tuiamshe?

— Tuiamshe!

Na ikiamka ikilia?

— Tutalia nayo!

Haya. Sogeeni basi, maana kisa hiki hakipaziwi sauti.

Zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mjane aliyeitwa Kalunde. Alikuwa na watoto wawili: Shilinde, kijana ambaye ndevu hazijaota, na Nyamizi, aliyekuwa angali mgongoni. Mwaka huo mvua ilikataa. Mwaka uliofuata ikakataa tena. Watu walikula mbegu, wakala majani, wakachemsha kamba za ngozi wakanywa mchuzi wake. Msikunje nyuso. Njaa haina adabu.

Misafara ya chumvi ilikuwa ikipita kwenda nchi za mbali, na wazazi wakawa wanawatoa vijana wao wabebe mizigo, wapate kula huko waendako. Kwa hilo palikuwa na desturi. Ng'ombe wa nyumbani anachinjwa, ngozi inapelekwa kwa fundi, fundi anakata mikanda miwili ubavu kwa ubavu. Mmoja unakwenda na mwana, mmoja unabaki na mama. Siku ya kurudi inalazwa pamoja mbele ya wazee, na mikanda ndiyo inayosema: huyu wetu, huyu si wetu. Kwa nini wasitazame uso? Kwa sababu uso wa mtoto huondoka na mtoto, ukarudi uso wa mwanamume.

Kalunde alikuwa amebakiwa na maksai mmoja mwekundu, ambaye chui aliwahi kumchana ubavuni. Akachinjwa. Fundi Mhoja akaipara ngozi ile, akailainisha, akakata mikanda miwili myeupe kama unga. Kalunde akaigeuzageuza.

"Baba Mhoja, mbona kovu la chui silioni?"

"Vaa," akasema Mhoja.

"Nauliza kovu."

"Vaa, mwanangu. Usiuvue."

"Na ukichakaa kabla hajarudi?"

"Vaa."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na njaa ilikuwa imeyala hayo machache. Kabla ya mavuno alizikwa, yeye na wazee wenzake karibu wote. Waliobaki walijua kwamba mikanda hulinganishwa. Hawakujua kwa nini mama huambiwa avae. Angeongeza maneno mawili tu, wajukuu zangu, leo nisingekuwa na kisa.

Shilinde akajifunga wake, akaenda. Kalunde akajifunga wake, akabaki. Lakini baada ya siku chache aliuona umeingia doa la jasho, na ukingoni umeanza kuwa wa kahawia. Moyo ukamruka. "Namharibia mwanangu," akasema. "Atarudi aukute si ule." Akaufuta, akaufunga kwa majani makavu ya mgomba, akautia chunguni, chungu akakipandisha darini. Kiunoni akajifunga kamba ya mbuzi.

Mnamlaumu? Msiharakishe. Alifanya vile kwa mapenzi, na ndiyo maana kisa hiki ni kibaya.

Mvua zikarudi. Mifugo ikazaana. Nyamizi akakua. Siku moja akaja mtu bila mkanda, akasema, "Mimi ndiye Shilinde," akalia, akalishwa, akalala, na asubuhi akaondoka na ndama wa Kalunde. Mnacheka? Kijiji kizima kilicheka pia. Kalunde hakucheka.

Miaka ikapita, ikapita. Ndipo akaja mwingine. Ndui ilikuwa imemla uso wote. Ulimi wake ulikuwa umechanganya lugha za watu. Akapiga magoti mlangoni, akasema, "Mayu." Ndivyo watoto wa huko wanavyomwita mama.

"Mfungieni ndama!" wanawake wakapiga kelele. "Shilinde mwingine huyo! Mwaka huu wamezaa sana!"

Luhende, aliyekuwa mkubwa wa kijiji, akaitwa. "Maneno tumeyashiba, bwana. Una mkanda?"

Yule mtu akaufungua kiunoni, akaulaza juu ya jamvi. Watu wakausogelea. Ulikuwa mweusi wenye wekundu ndani yake, kama asali ya nyuki wadogo. Uling'aa bila kupakwa kitu, ukawa laini kama sikio la ndama. Na katikati ulikatizwa na mstari mweusi zaidi, wa mshazari, uliokwenda ukaishia ukingoni.

Kalunde akashusha chungu. Akaufungua wake. Mweupe. Mgumu. Kama jana.

"Ala!" akasema Luhende. "Tazameni mwanamke anavyojua kutunza! Hivi ndivyo ngozi ile ilivyokuwa, mimi nilikuwapo. Sasa huu mweusi ni wa mnyama gani? Nyati?"

Wakacheka.

"Ni wa maksai mwekundu," akasema mgeni. "Na huo mstari ni kucha ya chui, Mayu. Ulijitokeza wenyewe, njiani."

"Chui yule kila mtu anamjua. Hata mwizi wa ndama alimjua," akasema Luhende. "Mikanda ilikatwa ubavu kwa ubavu. Kovu likiwa kwako, liendelee kwa mama. Liko wapi kwa mama?"

Halikuwapo. Kalunde aliupitisha mkono juu ya mkanda wake, huku na huku, kama mtu anayetafuta sindano. Moyo wake ulikuwa unamwambia, "Tazama anavyopiga magoti kama mwanao." Lakini macho yalikuwa kwenye ngozi nyeupe aliyoitunza, asiyoigusa, aliyoinyima hata jua. Angewezaje kitu alichokitunza vile kumdanganya?

"Mama Shilinde, neno ni lako," akasema Luhende.

"Siye," akasema Kalunde.

Yule mtu akainuka. Akaomba maji. Kalunde akampa kwa kibuyu, naye akanywa, akakirudisha kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa. Akajifunga mkanda wake. Kisha akautazama ule mweupe.

"Umeutunza, Mayu," akasema. "Ungali mpya."

Akaenda.

Baada ya hapo Kalunde akakata tamaa. Akaamini mwanawe alikwisha kufa huko. Mkanda ukawa hauna wa kumsubiri, basi akauvaa kama mtu anavyovaa msiba. Akalima nao, akakamua nao, akapika moshini nao. Mikono yenye samli ikaushika bila kufikiri. Ukawa wa njano, ukawa wa kahawia, ukaanza kung'aa.

Siku moja Nyamizi alikuwa akimsuka mama yake. "Mama, mkanda wako umechafuka hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Sugua. Mbona hautoki?"

Kalunde akaufungua. Kutoka ukingoni ulikuwa umeingia mstari mweusi, wa mshazari. Nusu ya kucha ya chui.

Hakupiga yowe. Nyamizi aliyasimulia haya kwa watoto wake, nao kwa wao, na wote walisema hivyo: hakupiga yowe. Aliuweka mkanda mapajani, akawa anaupapasa ule mstari mpaka pale unapoishia, na pale unapoishia kidole kikawa kinaendelea, hewani.

Akaenda kuketi njia ya misafara. Kila aliyepita, Kalunde akamwinulia mkanda: "Umemwona mwenye mwenzake?" Hakuna aliyemwona. Aliketi hapo masika na kiangazi, akazeeka hapo, na hapo ndipo walipomkuta amekufa. Shilinde hakurudi mara ya pili. Nani hurudi mara ya pili?

Basi sikieni. Kipenzi chako kiguse. Ukikificha kisichakae, kitakusahau, na siku ya kukushuhudia kitakuwa bubu.

Mkanda wenyewe ndio huu nimejifunga. Shikeni. Wewe mikono yako ina mafuta ya karanga? Shika hivyo hivyo.

Kale nimewarudishia, macho yake yakiwa na machozi. Ifunikeni, ilale, nasi tukalale.