Mkate wa Sahl

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba. Mumewe, Sahl, alitoka na msafara wa mahujaji, akamwacha na mtoto anayenyonya. Msafara ulirudi bila yeye. Wenzake walisema aliingia jangwani kumtafuta ngamia aliyepotea, tufani ya mchanga ikavuma, na hakuna aliyemwona tena, hai wala maiti.

Basi Lubaba akabaki hivyo. Hakujua ajipambe kumngojea mume au akae eda.

Wanawake wa mtaa ule walikuwa na tanuri moja la kuokea mikate, na kila baada ya sala ya alfajiri walikutana hapo. Lubaba alipofika na unga wake, mmoja humwambia, "Atafika kabla ya Rajabu," na mwingine, "Kubali tu, mwenzetu, kaa eda." Naye huwaitikia wote, "Inshallah," kisha hubeba mikate yake akarudi nyumbani.

Miongoni mwao alikuwapo Hamna, mwenye moyo laini, asiyeweza kunyamaza. Siku moja alimwona Lubaba jinsi alivyokonda, akamhurumia, akasema, "Kuna mfanyabiashara amemwona Sahl huko Sham. Yuko njiani."

Lubaba alifagia ua, akafua kanzu ya mumewe, akaifukiza udi. Akangoja. Mwezi ukaandama, ukaandama na mwingine, ndipo akatambua kwamba hapakuwa na mfanyabiashara yeyote. Tangu hapo hakwenda tena tanurini. Akawa anaoka juu ya makaa ya nyumbani, mkate ukiungua nje na kubaki mbichi ndani, naye akiula hivyo hivyo.

Asubuhi moja mlango ukabishwa. Alikuwa Bi Atika, ajuza aliyeliwasha tanuri la mtaa kila siku.

"Nawe umekuja kuniambia atarudi?" akauliza Lubaba.

"Sijui, mwanangu."

"Basi amekufa?"

"Hilo nalo sijui. Ninalojua, unga wako umechacha, harufu naisikia toka hapa mlangoni. Na tanuri limeshika moto."

Lubaba akainama. Muda wote ule hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo, "Sijui." Akahisi kama aliyebeba gunia njia nzima, kisha mwenzake akashika upande wa pili.

"Bi Atika," akasema kwa sauti ndogo, "kila nikioka, nakanda mkate mmoja wa ziada. Wa Sahl. Naona haya, wasije wakanicheka."

"Ulete na huo."

Tanurini, Hamna alisimama macho chini. "Nisamehe, Lubaba. Nilidhani nakupa dawa."

"Nimekusamehe, dada yangu. Lakini usinipe tena."

"Kuanzia leo," akasema Bi Atika, "mwenye habari ya kweli aseme. Asiye nayo akande unga."

"Basi mimi nimeshakuwa bubu," akasema Hamna.

"Alhamdulillahi. Tutaoka kwa amani."

Lubaba akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Bi Atika akauchukua mkate wa Sahl, akaubandika pale moto ulipokuwa mzuri zaidi. Ulipoiva, Lubaba alisimama nao mkononi, hajui aupeleke wapi. Hamna akamshika mkono, wakaenda hadi mlango wa msikiti, wakampa msafiri wa kwanza waliyemkuta. Ikawa ndiyo ada yao. Hata siku ambazo Lubaba aliugua, mkate ule ulikandwa, na wenzake hawakumwuliza kitu.

Waliosimulia kisa hiki hawakutaja kama Sahl alirudi, nasi hatutamzulia safari. Walitaja tu kwamba Lubaba hakuoka tena peke yake, na kwamba wageni waliopita mji ule walikula mkate wa moto bila kujua ulikandwa kwa ajili ya nani.

Ewe ndugu katika imani, ukimkuta mwenzako anangoja na huna habari ya kumpa, mwambie kwamba hujui. Kisha usiondoke.