Honi Tatu Mlangoni mwa Hori

Kisome kisa hiki taratibu, na kama una mtu karibu yako, msomee kwa sauti. Ukimaliza, mpelekee yule unayemjua kuwa ana haraka. Usimwambie kwa nini umempelekea. Ataelewa mwenyewe.

Palikuwa na bwana mmoja aitwaye Mbaruku. Kazi yake ilikuwa kuendesha treni, tangu ujanani mpaka alipostaafu. Kazi hiyo ilimzoesha jambo moja. Akikaribia mahali reli inapokatana na barabara, alipiga honi, na kila kilichokuwa mbele yake kikapisha. Ng'ombe walipisha, baiskeli zilipisha, hata malori makubwa yalipisha. Treni haisimami ghafla, kwa hiyo wengine ndio husimama. Bwana Mbaruku hakuwa mtu wa majivuno hata kidogo. Ndivyo kazi ilivyomlea.

Alipostaafu alinunua boti ndogo ya injini, akaipaka rangi ya kijani, akaifungia honi. Yeye na mkewe, Bi Ruzuna, wakaanza kutembelea pwani pole pole, bandari hii leo, ile wiki ijayo. Walipenda hasa mahori, yaani ile mikono myembamba ya bahari inayoingia nchi kavu katikati ya mikoko. Ndani ya hori huwezi kujua utakutana na nini baada ya kona. Pengine kijiji, pengine kisima cha zamani, pengine ndege weupe wamejaa mtini kama nguo zilizoanikwa. Bi Ruzuna alibeba maandazi na chupa ya chai, Bwana Mbaruku alishika usukani, na kila walipogundua mahali papya walifurahi kama watoto waliofunga shule.

Walibishana juu ya jambo moja tu.

Watu wa mahori yale walikuwa na desturi yao. Mgeni akifika mlangoni mwa hori, huzima injini, hupiga hodi na kungoja. Akijibiwa karibu, huingia. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hugeuza akaenda zake, vile vile kama mtu anavyofanya mbele ya nyumba ya watu.

Bwana Mbaruku hakuipinga desturi hiyo. Aliifuata kwa namna yake. Alipiga honi mara tatu, kisha akaingia.

Mkewe alimwambia mara nyingi, tena kwa upole, kwamba hodi tatu bila jibu ni kurudi, si kuingia. Bwana Mbaruku alicheka na kusema kwamba asiyetaka wageni angetoka nje kuwakataza. Na akikuta nyavu zimetandazwa majini, hakuzizunguka. Aliongeza kasi, akafika karibu na maboya, akazima injini, akainua propela, na boti ikateleza juu ya nyavu bila kuzigusa. Yeye aliuona huo kuwa ustadi. Bi Ruzuna alisema ni sawa na kuruka sinia ya watu wakiwa wanakula.

"Kuna punje iliyomwagika, Mama Mize?" Bwana Mbaruku aliuliza.

"Hakuna," alijibu Bi Ruzuna. "Lakini umewaruka."

Siku moja asubuhi walitia nanga kwenye ghuba ndogo isiyo na watu. Bi Ruzuna alishuka majini ili atembee ufukweni. Hakuburuta miguu kama inavyotakiwa, akamkanyaga taa aliyejifukia mchangani. Samaki yule alimchoma kwa mwiba wa mkia, pembeni mwa kifundo cha mguu.

Aliyewahi kuchomwa na taa anajua maumivu yake. Bi Ruzuna hakupiga kelele, ila midomo ilimtetemeka na jasho likamtoka kwenye upepo. Bwana Mbaruku alimbeba hadi kwenye boti, akamfunga kitambaa, akang'oa nanga. Walikuwa wameambiwa kwamba ndani ya Hori la Mtangani kuna zahanati, na zahanati hiyo ina nesi anayesifiwa. Ilikuwa mbali, lakini hapakuwa na mahali pengine. Akaelekeza boti huko, na njia nzima aliutazama mguu wa mkewe kuliko alivyoitazama bahari. Uling'aa, ukavimba, ukabadilika rangi.

Alasiri walifika mlangoni mwa hori. Jua lilikuwa mbele yao, limeshuka, likiyafanya maji yameremete kiasi kwamba macho yaliuma kuyatazama. Upepo wa bahari ulivuma nyuma yao. Maji yalikuwa yameanza kujaa.

Bwana Mbaruku alikunja uso akatazama mbele. Kule ukingoni, mbali, aliona bibi mmoja amesimama juu ya jiwe akipunga kanga. Katikati ya mlango wa hori aliona mstari wa vitu vyeusi vidogo vidogo, vimekata maji kutoka mikoko ya upande huu hadi mikoko ya upande ule. Maboya ya wavu, alisema moyoni. Boya moja lilikuwa kubwa na jeupe kuliko mengine.

Akapiga honi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hakuna aliyejibu. Bibi wa ukingoni alizidi kupunga kanga.

"Tunapungiwa," alisema Bwana Mbaruku. "Shika ubavu wa boti vizuri. Nitaongeza kasi niuruke huu wavu, tuko zahanati sasa hivi."

Bi Ruzuna alikuwa amelala sakafuni mwa boti, kichwa juu ya mfuko wa nguo. Aliinuka nusu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale pale kwenye mkono wa gesi.

"Nani amesema karibu?"

"Si yule bibi anapunga?"

"Anapunga. Hajasema karibu."

"Mke wangu, mguu wako umekuwa kama boga. Huu ni wakati wa mambo ya hodi?"

"Mguu ni wangu, Baba Mize, na mimi ndiye ninayeumia. Nakuomba zima."

Bwana Mbaruku alimtazama. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye nahodha. Alitaka kusema kwamba akimpoteza mkewe kwa ajili ya desturi ya watu asiowajua, hatajisamehe. Lakini katika maisha yao yote Bi Ruzuna alikuwa hajamwomba jambo kwa uso ule. Alizima injini, akatupa nanga kwa hasira, na maji yakamrukia usoni.

Kukawa kimya. Baada ya ngurumo ya injini, kimya kile kilikuwa kizito mpaka wakaisikia kamba ya nanga ikinyooka.

Bi Ruzuna alikusanya nguvu alizobakiwa nazo, akaita kwa sauti ya mtu mgonjwa, "Hodi, wenyewe. Hodi jamani."

"Karibuni," ilijibu sauti ya mwanamke. "Ila tupisheni kwanza tuvuke. Tuna watoto."

Sauti hiyo haikutoka ukingoni. Ilitoka majini, na ilitoka karibu sana. Bwana Mbaruku alikinga macho kwa viganja viwili, akatazama tena yale maboya, na safari hii akaona kwamba maboya yana macho.

Vilikuwa vichwa vya watu. Watoto wa shule walikuwa wanavuka kurudi kwao upande wa pili, juu ya fungu la mchanga lililokuwa chini ya maji, kama walivyozoea kuvuka maji yakiwa yamekupwa. Siku hiyo walichelewa kutoka, maji yakawakuta njiani na kuwafika shingoni. Walikuwa wameshika kamba iliyofungwa mikokoni pande zote mbili, mtu mzima hapa, watoto wawili watatu, mtu mzima tena. Wadogo zaidi walikuwa migongoni, videvu vyao vimeegemea mabega ya wakubwa. Na lile boya jeupe lilikuwa sanduku la chanjo, juu ya kichwa cha mwanamke aliyekuwa katikati ya kamba, mahali penye kina kuliko pote. Hapo ndipo Bwana Mbaruku alipokuwa amepanga kupita.

Alikaa chini. Bi Ruzuna alimshika mkono, na wote wawili wakatazama.

Mmoja baada ya mwingine watoto walifika pwani, wakapanda kwenye nyasi, wakakamua nguo zao huku wakicheka na kusukumana. Alipotoka wa mwisho, yule bibi mwenye kanga aliacha kupunga, akakaa juu ya jiwe lake kama mtu aliyetua mzigo. Hapo Bwana Mbaruku alielewa kwamba bibi hakuwa akiwakaribisha. Alikuwa akiwaambia wasimame, na sauti yake ilichukuliwa na upepo.

Mwanamke mwenye sanduku alibaki ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, akawauliza wana shida gani. Bwana Mbaruku alijibu kwa shida kwamba wanaitafuta zahanati.

"Zahanati iko pale juu, penye bati jekundu," alisema yule mwanamke. "Ila mngeikuta imefungwa."

"Na nesi yuko wapi?"

"Nesi ndiye huyu unayesema naye, baba. Nimetoka kuchanja watoto ng'ambo. Leteni boti pole pole, nimeuona huo mguu kutoka hapa."

Jina lake lilikuwa Mwanakheri. Alimwingiza Bi Ruzuna zahanati akiwa bado analowanisha sakafu kwa nguo zake, akautia mguu kwenye beseni la maji ya moto kiasi cha kuvumilika, akausafisha, akakitoa kipande cha mwiba kilichokuwa kimebaki ndani, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Maji ya moto yalipofanya kazi yake, Bi Ruzuna alishusha pumzi ndefu. Aliuliza kama kuna chai. Mtu akiomba chai, nesi alisema, mwenziwe anaweza kuacha kulia.

Ni kweli, Bwana Mbaruku alikuwa analia, naye hakujificha. Alimweleza nesi kila kitu: honi, wavu aliodhani ameuona, kasi aliyotaka kuiongeza, na mkono wa mkewe uliomzuia.

Nesi Mwanakheri akasema kwamba honi waliisikia wote. Watoto walitaka kukimbia, lakini majini hakuna mbio, na aliyeiachia kamba angechukuliwa na mkondo.

"Tulipoisikia injini yenu imenyamaza," alisema, "ndipo tulipopumua."

Jioni ile Bwana Mbaruku alikaa kando ya kitanda cha mkewe. Alisema kwamba maisha yake yote aliamini akipiga honi amepiga hodi, na leo ameona tofauti yake. Mwenye honi anasema, ondokeni, ninapita. Mwenye hodi anauliza kama anaweza kupita, na anayeuliza hana budi kusikiliza anajibiwa nini.

"Umeyajua leo?" aliuliza Bi Ruzuna.

"Nimeyajua leo."

"Basi huo mwiba haukuniingia bure," alisema, akageukia ukutani, akalala usingizi mzuri.

Walikaa Mtangani mpaka mguu ulipopona. Siku zote hizo, Bwana Mbaruku aliwavusha watoto kwa boti yake asubuhi na alasiri, na hakuna aliyelowa. Watoto walimpa jina la Babu Honi. Walimwomba sana aipige, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba kwanza boti iwe imefungwa gatini na kila mtu ameshuka. Walipoondoka, nesi na yule bibi mwenye kanga walisimama juu ya jiwe wakawapungia, na safari hii kupunga kulikuwa kwaheri ya kweli.

Tangu siku ile, boti ya kijani hufika mlangoni mwa kila hori, ikanyamaza, ikangoja. Wakati mwingine hakuna anayejibu, nao hugeuza wakaenda kunywa chai yao mahali pengine. Bwana Mbaruku amezoea hivyo kiasi kwamba hata nyumbani hupiga hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Bi Ruzuna humsikia vizuri. Lakini huendelea kukuna nazi kidogo, akitabasamu peke yake, ndipo anapojibu, "Karibu."

Funzo: Kupiga hodi hakukupi ruhusa ya kuingia. Kunakufundisha kungoja jibu, kwa maana huwezi kuona walio nyuma ya mlango, na pengine anayekuchelewesha ndiye utakayemhitaji.