Sindano ya Mwisho Kwembago

Kaeni vizuri, na mwenye simu aiweke mfukoni, maana nikimaliza nitataka jibu, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kijiji cha Kwembago, kule milimani, kilikuwa na watu watatu wenye vipaji ambavyo hakuna mzazi angemwombea mwanawe. Wa kwanza ni Mama Nakunda, muuza barafu za ubuyu, na kipaji chake kilikuwa uchoyo. Alikuwa mkono wa birika kweli kweli. Friza lake alilitia kufuli, na aliyeomba kipande cha barafu cha kumkandia mtoto aliyeanguka aliambiwa anunue.

Wa pili ni Hoza wa bodaboda. Kipaji chake kilikuwa kichaa cha mwendo. Abiria wake walishuka wakiwa wamemaliza dua zote wanazozijua.

Wa tatu ni Mzee Shemzigwa, fundi cherehani, na kipaji chake kilikuwa uongo. Huyu alidanganya hata pale ambapo ukweli ungemfaa zaidi, kwa kuupenda tu uongo wenyewe.

Nesi Vumilia wa zahanati hakuwa na kipaji cha kutajwa, alikuwa na kazi tu. Mwangalieni sana huyu, kwa sababu mambo yote haya yalimwangukia yeye.

Homa mpya, ile ya kukaba kifua, ilikuwa imefika mji wa bondeni na watu walikuwa wanazikwa. Ikasikika kwamba chanjo inapandishwa mlimani. Kwembago wakaunda Kamati ya Utayari, mwenyekiti wake Bwana Mbelwa, mtu aliyeamini kwamba jambo lisilo na mgeni rasmi halijatokea. Kamati ikajiandaa hasa! Wakashona sare za kitenge. Wakakodi turubai na spika. Wakabishana juma zima juu ya keki, iandikwe "Karibu Chanjo" au "Karibu Mgeni Rasmi", na mgeni rasmi akashinda. Nesi Vumilia alipouliza nani atawaeleza watu chanjo yenyewe ni kitu gani, aliambiwa hilo lisubiri kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo hawakufika, pilau ilikuwa imeiva. Bwana Mbelwa akapiga simu wilayani, akaripoti kuwa utayari wa Kwembago ni asilimia mia moja. Sijui kama kuna upumbavu unaozidi ule wa mtu aliyevaa sare.

Siku ikafika. Gari la wilaya likapanda asubuhi, likashusha sanduku la baridi lenye chupa za chanjo, na makochi. Ndiyo, makochi, yale manene mekundu yenye vitambaa vya kufuma, kwa sababu Kwembago mgeni rasmi haketi kwenye kiti cha plastiki. Hiyo ni aibu ambayo ukoo mzima ungeibeba. Nesi akalizunguka gari lote, akachungulia hadi chini ya viti.

"Sindano ziko wapi?"

"Zimebaki stoo, Nesi," dereva akasema. "Mwenyekiti alisema makochi kwanza. Nafasi haikutosha."

Bwana Mbelwa akatabasamu. "Usihangaike, mwanangu. Sindano ni kitu kidogo."

Nesi Vumilia alimtazama, dharau ikampanda kooni kama kiungulia. Akasema, "Shikamoo, Mwenyekiti," kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akamgeuzia mgongo. Gari lilikuwa limeshaondoka kumfuata mgeni rasmi.

Hapo ndipo Hoza alipoiwasha pikipiki yake. Hakuitwa na mtu, alisikia tu kwamba kuna safari ya haraka, na haraka ndiyo chakula chake. Akashuka kwa njia ya korongoni, ile ambayo hata mbuzi huifikiria kwanza. Kwenye kona moja alianguka, kioo cha pikipiki kikavunjika na kiwiko kikachunika. Akainuka, akachukua sindano stoo, akarudi kwa njia ile ile akiwa amekumbatia maboksi kifuani. Hakuna hata boksi moja lililobonyea. Bila Hoza, chanjo ingebaki kuwa maji ndani ya chupa.

Sasa, Hoza akiwa bado njiani, sanduku la baridi lilikuwa limewekwa juu ya meza kuu, katikati ya jua, limevalishwa shada la maua. Nesi akasema lihamishwe, barafu yake inayeyuka. Kamati ikasema mgeni rasmi lazima alikute hapo. Basi Nesi akalibeba mwenyewe, shada na yote, hadi kwa Mama Nakunda.

"Barafu yangu ni ya biashara," Mama Nakunda akasema.

"Najua, mama. Ndiyo maana bado unayo. Wengine wote walitoa zao kupozea soda za meza kuu."

Mama Nakunda akalitazama sanduku kama mtu anayehesabu mali yake. Kisha akafungua kufuli, akatoa mabonge ya barafu. Nesi akayafunga kwenye khanga ili chupa zisigande, akayapanga sandukuni, na Mama Nakunda akaketi juu ya mfuniko. Na akishakiona kitu ni chake, ole wako. Bwana Mbelwa alikuja kutaka sanduku lifunguliwe lipigwe picha. "Kafungue la kwenu," akajibiwa. Akaja katibu, akarudi na maneno ambayo sitayasema hapa mbele ya watoto. Bila Mama Nakunda, chanjo ingechemka kama uji.

Mchana ukawa umeshageuka mgeni rasmi alipofika. Akaketi kwenye kochi. Akakata utepe. Akaomba sindano iliyojazwa, akaiinua juu, na alipoambiwa "Tabasamu, mheshimiwa," akaibonyeza, dawa ikaruka hewani kama maji ya kumwagilia maua. Wakampigia makofi! Yeye mwenyewe hakuchanjwa, alisema alishachanjwa mjini. Akala keki yenye jina lake, akaondoka.

Na watu? Watu walikula pilau ya kamati, wakafuta midomo, wakaanza kushuka makwao na mikono yao mizima. Kwa mwezi mzima Mzee Shemzigwa alikuwa amewaambia kwamba atakayechomwa hatazaa, na aliyekwisha kuzaa, watoto watamkataa. Hayo waliyaamini bila kuuliza swali. Bwana Mbelwa akashika kipaza sauti. "Wananchi, changamkieni fursa!" Wakazidisha mwendo.

Nesi Vumilia akamwendea Shemzigwa pale kwenye cherehani. "Mzee, binti yako yuko bondeni. Umesikia hali yake?"

Shemzigwa akasimamisha cherehani. Alikuwa amesikia. Binti yake alikuwa hajaweza kuinua kichwa tangu juzi. Akatoka, akasimama njiani, akapaza sauti.

"Haya, nendeni zenu! Wakubwa wameshajichoma wote usiku kwa siri, na hizi zilizobaki wanawapelekea wa bondeni. Mimi niliambiwa niwatishe ili msizimalize!"

Hapakuwa na chembe ya ukweli humo. Wakageuka wote kwa pamoja, wakasukumana, wakatukanana, wakavunja mguu wa kochi la mgeni rasmi wakiwania mstari. Watu waliokataa uhai walipopewa bure waliupigania waliposikia jirani ataupata. Aliyewafukuza kwa uongo akawarudisha kwa uongo. Bila Shemzigwa, sanduku lingerudi wilayani limejaa.

Nesi akachoma mikono mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Kijiji kizima kikachanjwa, Bwana Mbelwa miongoni mwa wa kwanza, maana mstari wa wakubwa ulikuwa na turubai. Jua lilipoanza kuteremka, chupa ya mwisho ilibakiwa na dozi moja. Chupa ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho. Na mzigo mwingine hakuna aliyejua utakuja lini.

Waliosogea wakisema hawajachanjwa ni wale watatu, kila mmoja alikuwa ameshikwa na kazi yake.

"Mimi nina pumu," Mama Nakunda akasema. "Homa hiyo ikinikuta, hamtanisikia nikikohoa mara ya pili. Na barafu ilikuwa yangu."

"Wewe unakaa nyumbani," Hoza akasema. "Mimi kila siku nawabeba wagonjwa huko bondeni, wananikoholea shingoni. Nikiipata, naipandisha huku. Na sindano ilikuwa yangu."

Shemzigwa akakunja mkono wa shati lake. "Watu wote hawa watatakiwa warudi kwa dozi ya pili. Wakisikia mimi sikuchomwa, nani atarudi? Na watu walikuwa wangu."

Wakaanza kutukanana. Mchoyo akamwita mwenzake mwongo, mwongo akamwita mwenzake kichaa, na wote walikuwa wanasema kweli. Bwana Mbelwa akasogea, akakohoa kidogo, akapendekeza iundwe kamati ndogo.

Nesi Vumilia alisimama nje ya zahanati na sindano mkononi. Aliwachukia wote wakati ule, na aliona kwamba kila mmoja ana haki. Kisha akasikia mlango wa zahanati ukigongwa. Alikuwa mume wa binti yake Shemzigwa, amempandisha mkewe mgongoni kutoka bondeni, na pumzi za yule mwanamke zilisikika hadi pale waliposimama. Wote wakarudi nyuma. Hoza alirudi nyuma, Mama Nakunda akajifunika khanga usoni, baba mtu mwenyewe akashika ukuta. Bwana Mbelwa alikuwa ameshafika barabarani.

Wakamtazama Nesi, wakingoja aingie ndani kumhudumia, kama anavyoingia siku zote. Wala hakuna aliyemuuliza kama yeye amechanjwa. Hakuwa amechanjwa. Kamati ilimwambia asubuhi kwamba yeye ni mwenyeji, asubiri wageni.

Haya, mgonjwa yuko mlangoni, chanjo haimfai aliyekwisha kuugua, na dozi ni moja. Kuna mchoyo, kuna kichaa, kuna mwongo, na kuna Nesi, huyu anayeingia kwa mgonjwa. Je, wewe ungeuchoma mkono wa nani? Jibu, na usiniambie tuunde kamati.