Kiapo cha Shaddad Ndani ya Michongoma

Wametusimulia wema waliotangulia kwamba palikuwa na mjane mcha Mungu aitwaye Bi Unaysa, Mola amrehemu, aliyelima kijishamba cha kunde kwa ajili ya wajukuu zake mayatima. Jirani yake, tajiri Shaddad, alikuwa na ua wa michongoma ambao hakuupogoa hata siku moja. Ua ukatanuka mwaka baada ya mwaka, ukala shamba la bibi hadi likabaki tuta la kunde na njia ya kupita. Kisha Shaddad akatangaza kuwa penye miiba yake ndipo penye mpaka wake.

Watu, nao kwa kutoa nasaha hawajambo, wakamwambia, "Bibi, subiri. Jirani ni jirani."

"Miiba nimeistahimili," akajibu. "Dhulma siistahimili." Akaenda kwa kadhi, na Shaddad akaitwa.

Kadhi akamwuliza, "Jiwe la mpaka liko wapi? Lionyeshe, uape, uchukue haki yako."

Jamaa zake wakamnong'oneza aelekeze popote, maana nani angejua? Bi Unaysa akawatazama kwa hasira. "Jiwe limo ndani ya michongoma, na sijui ni mahali gani. Siapi kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya nisichokijua, hata shamba lote liende."

Kiapo kikahamia kwa Shaddad, naye akainua mkono upesi, palepale mbele ya kadhi, aape kwamba penye miiba ndipo mpaka.

"La," akasema Bi Unaysa. "Desturi yetu, anayeapia mpaka huapa mkono wake ukiwa juu ya jiwe. Mimi ni mjane, si mjinga."

Kadhi akaafiki. Wakaenda wote shambani. Shaddad akashika mundu, akaanza kukata ua wake mwenyewe kutokea upande wa bibi, kanzu ikichanika na watu wakitazama. Akakata, akakata, hata akalifikia jiwe upande wa pili kabisa. Akaliwekea mkono. Alipogeuka kumtazama kadhi, akaona kwamba yote aliyoyapita ni ardhi ya mayatima. Hofu ya Mola wake ikamshika, akauondoa mkono juu ya jiwe bila kuapa.

"Bibi, nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe," akajibu Bi Unaysa. "Sasa endelea kukata."

Ndugu zangu, tusiwahimize wanyonge subira ili sisi tusisumbuke. Mama yule alikataa dhulma, akakataa na uongo ambao ungempa ushindi. Mola atujaalie ukaidi kama wake.