Michi Miwili Tumboni mwa Zimwi

Paukwa, na msiitikie kivivu, maana ngano hii yataka masikio yote mawili.

Yunisi na Damari walikuwa mashoga waliotwanga katika kinu kimoja, mmoja akiinua mchi, mwenzake akishusha. Siku moja zimwi likammeza Damari, yeye na mchi wake.

Yunisi akalifuata. Akalitolea mbuzi, likakataa. Akalitolea mtama wote wa ghalani, likakataa.

"Basi nimeze na mimi," akasema.

Zimwi likacheka. "Wenzako hunikimbia. Wewe wajileta?"

"Bwana wetu alishuka kaburini kwa ajili ya rafiki zake. Nitamwachaje Damari peke yake gizani?"

Likammeza, mchi mkononi.

Kule ndani Damari alikuwa hoi. "Nimetwanga peke yangu hadi mikono imekufa ganzi. Shoga yangu, umekuja kufa nami?"

"Nimekuja kutwanga nawe. Inua."

Mmoja akainua, mwenzake akashusha. Ndi, zimwi likaomba maji. Ndi, likaomba msamaha. Ndi, likapasuka.

Wakatoka wawili, na nyuma yao wote waliomezwa tangu enzi za mababu, vigelegele njia nzima.

Mimi nimeshatwanga. Pepeteni wenyewe.