Asiyebisha Hodi kwa Jirani

Asiyebisha hodi kwa jirani, salamu zake huvuka bahari. Mmelisikia neno hilo leo kwa fundi mkuu, mkacheka, mkaniuliza Dodoma ina bahari gani. Haina. Kaeni basi niwape chanzo chake.

Palikuwa na kampuni mbili kubwa za intaneti, Mshale na Radi, ofisi zao zikitazamana, barabara moja tu katikati. Kwa majina hayo ungedhani hapana wa kuzishinda mbio. Lakini mteja wa Mshale akimtumia kitu mteja wa Radi, kilijikokota. Mafundi wa kila upande walikuwa na desturi yao: wakipata malalamiko hupima mitambo yao hadi ukutani kwao, huandika "Kwetu shwari," basi. Nyamizi, fundi wa Mshale, alikwisha kuandika hivyo mara kumi na moja, na roho yake ilitulia tuli.

Asubuhi moja Daktari Mahimbo alimpigia simu kutoka hospitali ya wilaya. Msichana wa miaka tisa alikuwa ameanguka kutoka darini, damu ikimvujia ndani ya kichwa. Daktari alikuwa anampelekea bingwa wa upasuaji wa mjini picha za kichwa, amwelekeze pa kutoboa. Hospitali ilitumia Mshale, bingwa Radi. Saa nzima ilikuwa imepita, na picha hazijafika hata nusu.

"Kwetu shwari, daktari," Nyamizi akajibu kwa mazoea.

"Mtoto huyu hana kwenu wala kwao, dada. Mboni ya jicho moja imeshaanza kutanuka, ubongo unabanwa."

Aibu ilimshika. Kwa mara ya kwanza akaiamuru kompyuta imwonyeshe kila kituo zinapopita picha, hata nje ya ukuta wao. Vituo vikajipanga: Dar es Salaam, chini ya bahari hadi Ufaransa, kisha Uingereza, huko zikageuka, zikarudi kwa bahari ileile mpaka jengo la Radi analoliona dirishani. Nyamizi aliduwaa. Vipande vya picha ya kichwa cha yule mtoto vilipita chini ya nyangumi, vikagusa nchi asizotarajia kuzikanyaga, vikisongamana na shughuli za dunia nzima. Alihisi hofu, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta kisima.

Akachukua karatasi yenye orodha ile, akavuka barabara. Hatua arobaini.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Chibago, fundi wa Radi. "Watu wa Mshale leo mmepotea njia?"

"Sisi hatujapotea, mzee. Zilizopotea ni picha za mgonjwa. Tazama zinakopita."

Mzee akasoma, akavua miwani. "Uingereza," akasema polepole. "Na mimi kutoka hapa naona kikombe chako cha chai."

Akampeleka chumba cha mitambo. Palikuwa na kebo ya kuunganisha kampuni hizo moja kwa moja, imejaa vumbi. Ilizimwa wakati wa matengenezo mwaka uliotangulia, na kila upande ulingoja mwenzake aje aseme iwashwe. Hakuja mtu. Mzee akawasha upande wake. Nyamizi akampigia mwenzake ofisini awashe wa Mshale.

Daktari alipotuma tena, picha zilifika kabla Nyamizi hajarudisha simu mfukoni.

Jioni habari ikaja kwamba msichana amepasuliwa salama, ameamka, anaomba uji. Nyamizi alilia mbele za watu bila kujificha. Alipovuka kwenda kumweleza Mzee Chibago, mzee aliitazama ile barabara nyembamba.

"Asiyebisha hodi kwa jirani, mwanangu," akasema, "salamu zake huvuka bahari."